Runinga Moja, Watu Watatu

Hapo zamani za hivi karibuni, umeme ulipokuwa umeshafika Voi lakini ukikatika kila mawingu yakitanda, watu watatu waliochoka waliishi katika nyumba moja.

Wa kwanza alikuwa Wakesho, mfuaji wa mashuka katika hoteli ya watalii. Miaka kumi na mmoja alifua, akaanika, akapiga pasi, akarudi nyumbani miguu imevimba hata viatu havitoki. Wa pili alikuwa mama yake, Mama Mkamburi, mgonjwa wa presha ya macho. Daktari alimwambia bila kuzunguka: "Mama, nuru iliyopotea hairudi. Iliyobaki, itumie." Wa tatu alikuwa Mwadime, mdogo wake Wakesho, ambaye jiwe la machimboni lilimponda mkono wa kulia. Naye aliambiwa: "Vidole hivi visipofanya mazoezi mwaka huu, vitakakamaa hivyo hivyo."

Mama Mkamburi alipenda sinema, hasa zile za kizamani ambazo nusu ya mambo hutokea gizani. Mwadime alipewa kimpira cha kuminya. Alikiminya siku tatu, akakitupa nyuma ya kabati. Lakini akishika pedi ya gemu na kucheza mpira kwenye runinga, vidole vilifanya kazi saa nzima bila yeye kukumbuka kuwa vinauma.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, na runinga yao ikatoa moshi. Ikawa basi. Mama akawa anakaa akitazama ukuta. Mwadime akawa anaficha mkono mfukoni.

Mwezi huo huo hoteli ikamtaja Wakesho kuwa mfanyakazi bora wa mwaka. Zawadi ilikuwa runinga moja, achague mwenyewe kati ya mbili zilizokuwa dukani mjini, mwisho Ijumaa.

"Mimi nataka kulala tu," Wakesho akasema. "Nendeni nyinyi mkaziangalie."

Wakaenda. Mwenye duka, Bwana Mwachofi, akaziwasha zote mbili.

"Zote ni za kati," akawaeleza. "Si za kitajiri, wala si za kuharibika kesho. Hii ya kushoto ni ya sinema. Weusi wake ni weusi kweli, mtu akisimama gizani unamwona. Ila kwenye gemu inachelewa. Hii ya kulia ni nyepesi, ukibonyeza imeshafanya. Ila giza lake ni kama majivu."

Mama akasogea mbele ya ile ya kushoto. Mwanamke alikuwa akishuka ngazi usiku.

"Ana kitambaa kichwani," Mama akasema. "Mwadime, namwona! Ana kitambaa, na nyuma yake kuna mlango."

Mwadime akageuza uso.

Kisha akapewa pedi. Kwenye runinga ya kushoto akabonyeza, mchezaji akarusha mguu mpira ukiwa umeshapita. Akabonyeza tena, ikawa vile vile. Vidole vizito, na runinga nayo nzito. Akahamia ya kulia. Akabonyeza, mpira ukaenda wavuni. Akacheza mpaka jasho likamtoka, na kidole gumba, ambacho hakikuwa kimekunjika tangu ajali, kikakunjika. Mama hakukiona vizuri kidole, lakini alisikia mwanawe akicheka, na kicheko hicho alikuwa ameshakisahau.

Walirudi nyumbani wamenuna wote wawili.

"Chukua ya mdogo wako," Mama akamwambia Wakesho. "Mimi nimeona mengi. Yeye bado kijana, na mkono huo ndio utakaomlisha."

"Chukua ya Mama," Mwadime akasema. "Mimi nitakitafuta kile kimpira. Macho hayana kimpira."

"Nimesema ya kwako."

"Nami nimesema siigusi."

Wakesho alikuwa ametumbukiza miguu katika beseni la maji ya chumvi. "Hata mmoja wenu hajaniuliza mimi nataka ipi," akasema.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Unataka ipi, mwanangu?"

Wakesho akainua mguu mmoja kutoka majini, akaukanda. "Sijui. Na hilo ndilo linaloniuma. Siku hizi sijui hata napenda nini."

Ijumaa akatoka kazini, akapita dukani, akachagua ya kulia. Bwana Mwachofi akamuuliza sababu.

"Sinema mtu anaweza kusimuliwa," akajibu. "Kidole hakisimuliwi."

Mwadime akakasirika. Siku tisa hakuigusa. Siku ya kumi Mama akaenda akipapasa, akaiwasha mwenyewe, akamwekea pedi mapajani. "Usinifanye nipoteze macho bure," akamwambia. Mwadime akacheza.

Tangu hapo, kila jioni Mwadime alicheza saa moja, kisha akamwekea Mama sinema. Ikifika penye giza Mama aliuliza, "Sasa nani ameingia?" Mwadime akamwambia. Siku nyingine alikosea kwa uchovu, akataja mwanamume kumbe ni mwanamke. Mama alijua kwa sauti, wala hakumrekebisha.

Mwaka ulipokwisha, Mwadime alifunga vifungo vya shati lake bila msaada. Na mwaka huo huo Mama aliacha kuuliza ni nani ameingia gizani, kwa sababu kwake giza na mchana vilikuwa vimelingana. Wakesho alikuwa akisinzia kitini na sare yake ya kazi. Hakuwahi kuona mwisho wa sinema hata moja.

Jirani yao Mghoi alisema Wakesho alimnyima mama yake mwaka wa mwisho wa kuona. Mume wa Mghoi akasema mkono ule ndio utakaowalea wote. Wakabishana mpaka chai ikapoa, wasielewane.

Mimi nimechoka kuwaza. Niambieni nyinyi mliokaa hapa: runinga ile moja, nani aliistahili? Aliyeipata kwa miguu yake asiitazame, aliyebakiwa na macho ya mwaka mmoja, au aliyebakiwa na vidole vya mwaka mmoja?