Mpiko wa Bi Mboza na Mwanaate

Haya, hadithi njoo!
— Njoo, tumekaa tunakungoja!
Imekuja, imejitwika.
— Itue tuisikie!

Hapo zamani paliondokea ajuza mmoja, Bi Mboza, akiishi na Mwanaate, mke wa mwanawe. Mwana mwenyewe alikuwa safarini. Wawili hao walipendana, jamani. Mmoja hali mpaka mwenzake ale.

Basi Bi Mboza akaugua. Akapona, lakini nguvu hazikurudi. Asubuhi moja akasema, "Mwanangu, siku nitakayoshindwa kuteka maji, narudi kwa kaka yangu. Sitaki kukulemea."

Mwanaate akawaza nyumba ile bila kicheko cha mkwewe, akakiweka kikombe cha chai chini.

Akatwaa mpiko, ule mti wa kubebea mzigo begani. Kisimani wakateka, akautundika mtungi kwa kamba katikati ya mti. "Mama, tangulia. Mimi nitashika nyuma."

Wakajitwika. Bi Mboza kwenda kidogo, magoti yakaanza kutetemeka. Mwanaate, taratibu, akaivuta kamba upande wake. Mnaujua mpiko, nyie? Mzigo ukikaa katikati, mnagawana sawa. Ukimsogelea mmoja, huyo ndiye unayemlemea, na mwenzake anapumua.

Safari ya kwanza, akaivuta kidogo. Bi Mboza akanyooka.

Safari ya pili, akaivuta zaidi. Bi Mboza akaanza kuimba.

Safari ya tatu, akaivuta, akaivuta, mtungi ukamgusa kifua. Bega linawaka moto, naye anakaza mwendo. Bi Mboza huko mbele anakwenda kama msichana.

Mara akasimama. Akageuza shingo, akaiona kamba ilipo.

"Kumbe mimi nabeba mti mtupu."

Wakatua. Mwanaate akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Nisamehe, mama. Ukienda kwa kaka yako, mimi nitazungumza na nani?"

Bi Mboza akainama, akaisukuma kamba kuelekea upande wake, lakini hakuifikisha katikati.

"Katikati ni kwa wenye nguvu sawa," akasema. "Sisi tutaifunga hapa. Kingi chako, kidogo changu. Ila nijue, mwanangu. Usinibebee kwa siri."

"Na kwa kaka yako?"

"Huko nani ataninyanyulia huu mti? Inuka twende, maji yanapata joto."

Wakajitwika, wakaenda zao nyumbani, polepole, wakizungumza njia nzima.

Nami nimefika ukomo. Aliyeipenda akamsimulie mkwewe, asiyeipenda akalale.