Koni Tatu za Koki

Wazee waliosema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende hawakuwahi kufika Dandora, lakini nahisi walimjua Mbugua. Maana yao ni kwamba kitu kidogo ukikipuuza kwa udogo wake, kitakutia adabu kubwa. Mbugua aliijibu methali hiyo mtihanini akiwa shule ya msingi, akapata alama zote. Kuijibu na kuishika ni mambo mawili.

Mkewe, Koki, alikuwa mfinyanzi. Tanuri lake la gesi lilikuwa nyuma ya kanisa, mahali alipopewa kwa majaribio tu. Kamati, chini ya mwenyekiti wake Mama Simiyu, ilikuwa imeamua kwamba Jumapili ya wageni chai inywewe kwa vikombe vya Koki. Vikipendeza, tanuri libaki, visipopendeza, lihame. Koki hakuwa na pengine pa kulipeleka, kwani walikaa chumba kimoja na mwenye nyumba hakutaka kuona hata jiko la makaa.

Ijumaa alfajiri alipanga vikombe tanurini, vikiwa vimepakwa rangi ya kung'aa. Mbele ya kitundu cha kuchungulia akasimamisha koni tatu, vijipande vya udongo vilivyochongoka kama miiba, ambavyo huyeyuka na kuinama moto unapofika kiwango chake.

"Baba Shiku, naenda Ziwani kumwona mama, hajisikii vizuri. Wewe funga uwashe. Koni ya kwanza ikiinama, jitayarishe. Ya pili ikiinama, zima gesi. Ya tatu ikiinama, tumekwisha."

Mbugua alicheka hadi kofia ikamtoka. "Yaani nikae hapa nikingoja udongo upige magoti? Mama Shiku, nimechoma mbuzi Kiamaiko miaka ishirini. Moto naujua kwa macho na kwa pua."

"Kikombe hakinukii."

"Wewe nenda bwana. Nisalimie mama."

Koki alipopinda kona tu, Mbugua akaleta kikombe kikubwa alichojifinyangia mwenyewe, kimeandikwa BABA kwa herufi za kutisha. Nafasi haikuwepo, ila pale koni zilipokuwa. Akazitoa, akazitia mfukoni mwa koti, akaweka kikombe chake, akafunga na kuwasha.

Mchana kutwa alichungulia. Aliona BABA tu, na ikampendeza mno. Jioni ilipokaribia, tanuri likiwa limewaka manjano, akasema, "Bado kidogo," kwa sababu nyama mbichi huleta maradhi. Akaongeza saa moja nzima ili vikombe viive hadi mfupani.

Koki aliporudi alikuta gesi imezimwa na mumewe akipiga mluzi.

"Koni ziliinama vizuri?"

"Mambo yote sawa," alijibu Mbugua, akitazama mawingu.

Tanuri liliachwa lipoe. Jumapili baada ya ibada, waumini na wageni wakakusanyika, Koki akafungua mlango. Vikombe viling'aa, kweli, lakini vilikuwa vimelegea na kuegemeana kama walevi warudio nyumbani, rangi imeyeyuka na kuvigandisha kwenye rafu ya tanuri. Mama Simiyu, mwenye mikono iliyozoea kusonga ugali wa harusi, akashika kimoja na kuvuta. Kikaja. Rafu nzima ikaja nacho, pamoja na wenzake kumi na mmoja.

"Koki, mwanangu," akasema, "mimi nilitaka kimoja."

Watu wakaangua kicheko. Koki machozi yalimlengalenga. Kwa aibu, Mbugua akakimbilia kuipokea rafu, ikamponyoka na kutua juu ya mguu wake. Alipoinama akipiga ukemi, koni tatu zikamdondoka mfukoni, nzima, hazijauona moto hata kidogo.

"Baba Shiku!" Koki akaziokota, akamweleza Mama Simiyu kazi ya koni hizo.

Mama Simiyu akamgeukia Mbugua. "Basi tanuri halina kosa," akasema. "Mwenye kosa ni huyu anayerukaruka."

Wageni wakanywa chai kwa vikombe vya plastiki. Koki akapewa wiki mbili zaidi, kwa sharti kwamba mlinzi wa koni awe Mbugua na asiondoke kitini. Hata angetaka asingeweza, maana mguu ulivimba hadi kiatu kikaukataa.

Siku ya kuchoma tena, alikaa mbele ya kitundu, mguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Hakupepesa macho. Koni ya pili ilipoinama, mtaa mzima ulimsikia: "Imepiga magoti! Mama Shiku, zima! Imepiga magoti!"

Vikombe vikatoka kimoja kimoja, vizuri ajabu, na tanuri liko pale pale hadi leo. Mlangoni pake imewekwa ile rafu ya kwanza, kikombe cha BABA kikiwa kimeganda katikati, na anayeuliza sababu huelekezwa kwa mwenye kuchechemea, naye hujibu bila kuinua macho: mdharau mwiba mguu huota tende.