Gari la Tabibu Shemhilu

"Bei ya gari, muulize aliyelisukuma." Vijana waliokuwa wakimenya viazi vya harusi walimsikia Bi Mwantumu akisema hivyo, wakacheka, kisha mmoja wao akataka kujua msemo huo ulitoka wapi. Bibi akaweka kisu chini. Akawaambia haukutoka mbali. Ulizaliwa papa hapa Kwemtindi, milimani Usambara, na kisa chake ni hiki.

Tabibu Shemhilu alipofariki aliacha watoto wawili, shamba la matunda damu, yale mekundu ya kukamulia juisi, na gari dogo la kijivu lililowazidi umri watoto wote wawili. Mkubwa, Zaina, alikuwa mwalimu. Mdogo wake, Kaoneka, alikuwa akitafuta pikipiki ya kuanzia maisha. Shamba halikuwa na taabu, lilipimwa likagawanywa. Lakini gari halikatwi katikati. Sheikh aliyesimamia mirathi akasema thamani yake ijulikane kwanza, kisha mmoja amfidie mwenzake, au liuzwe.

Hapo ndugu waliopendana wakaanza kutazamana kwa pembeni. Kaoneka aliomba bei iwe kubwa, apate pikipiki. Zaina aliomba iwe ndogo, aweze kumfidia mdogo wake na gari libaki kwake, kwani kila alipofungua mlango alikutana na harufu ya baba, spiriti na tumbaku. Ombi hilo hakumwambia mtu. Alilionea haya.

Mnunuzi wa vyuma chakavu alitaja laki tatu bila hata kushuka kwenye lori lake. Kaoneka alimfukuza. Akamwita Bwana Fumbwe wa Tanga, fundi aliyejulikana kwa kununua magari ya zamani na kuyafufua.

Bwana Fumbwe alitandika gunia akaingia uvunguni. Alisoma namba ya injini akailinganisha na kadi. Kisha akatoa sumaku mfukoni akaipitisha kwenye bodi pole pole. Penye chuma hunasa, akawaeleza, penye viraka vya puti, ule udongo wa kuzibia bodi, hudondoka. Sumaku haikudondoka hata mara moja, na Kaoneka akatabasamu hadi masikioni.

Mwishowe fundi akafika nyuma. Kifuniko cha buti kilikuwa kimebonyea kila mahali, vibonde vidogo vidogo, kama unga uliokandwa.

"Hapa mmenivunja moyo," akasema. "Lingekuwa zima ningetoa milioni tisa. Kwa hali hii, tano. Hakuna anayelipia mabonde."

Kaoneka akainamisha kichwa. Moyo wa Zaina ukaruka kwa furaha. Akiba yake ilitosha!

Jirani yao, Bi Nyange, alikuwa amesimama uani na ungo aliokuja kuurudisha. "Mabonde gani, baba?" akauliza. "Hayo ni viganja vyetu."

Wote wakamgeukia.

"Starta ilikufa mwaka ule wa mvua kubwa," akasema. "Mgonjwa akizidiwa, tabibu anapiga honi, sisi tunatoka majumbani kusukuma. Mama yenu, Mungu amrehemu, aliposhikwa na uchungu, mtoto alikataa kutoka. Zaina ulikuwa kwa bibi yako, huna habari. Tulisukuma watu kumi na mmoja, tope magotini, mlima mzima, ili tufike kwenye mteremko injini iwake. Ilipowaka, mtoto naye akalia. Kwenye siti ya nyuma."

"Mtoto gani?" Kaoneka akauliza.

"Ni nani mwingine? Ni wewe, mjukuu wangu! Baba yako alitukataza kusema. Alidai ukijua umezaliwa garini, utamwomba lifti maisha yako yote."

Bi Nyange alicheka peke yake. Kaoneka alizunguka nyuma ya gari, akaweka viganja vyake kwenye vile vibonde, kimoja baada ya kingine. Zaina akaona machozi ya mdogo wake, na furaha yake ya dakika chache nyuma ikamchoma.

"Kaoneka," akasema, "mimi niliomba bei ishuke. Nisamehe."

"Na mimi nilikuwa natuuza sote, wewe, mimi na baba, kwa pikipiki."

Bwana Fumbwe akafuta mikono. "Bei yangu ni ileile tano," akasema kwa upole. "Ninyi yenu ni nyingine, na mimi siiwezi." Akakunja gunia lake.

Gari halikuuzwa. Walimwandikia sheikh kwamba ni la wote wawili, na Zaina akampa mdogo wake mavuno ya matunda damu ya sehemu yake, misimu miwili, hadi pikipiki ikapatikana. Siku ya kulitoa bandani kijiji kizima kilikuja kusukuma, na Bi Nyange, kwa uzee wake, aligoma kukaa pembeni.

Ndiyo maana, wajukuu zangu, mkimwona mtu anataja thamani ya kitu ambacho hakukitolea jasho, msibishane naye. Atakuwa amepima vizuri kilicho mbele ya macho yake. Mwambieni tu: bei ya gari, muulize aliyelisukuma.