Jiko la Kileleni

Hadithi iko mlangoni!
Ifungulieni, isipate baridi!

Kwaru, kwaru, kwaru. Mama Pimbi alikuwa akikata majani makavu ya kutandika pangoni, kule juu mlimani, siku ambayo hata maji ya kunywa yaliamka yakiwa jiwe. Mara Kunguru akatua, pu!

"Mama Pimbi, acha majani! Fisi ameingia pangoni kwako. Wanao wako nje. Kukiingia giza watakufa kwa baridi."

Mama Pimbi hakulia. Machozi hulowesha manyoya. Alibeba majani yake akaenda.

Aliwakuta wanawe juu ya mwamba, meno te-te-te-te. Fisi alikuwa amejaa mlango mzima.

"Bwana Fisi, habari za kuhamia?"

"Nzuri, Bibi Mfupi. Joto lote la humu ni langu sasa."

"Chukua tu. Kumbe unapenda makombo."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Makombo ya wapi?"

"Ya jiko la kule juu."

Jua lilikuwa linazama. Barafu ya kileleni ikawa nyekundu, ikakolea, mlima mzima ukawaka bila moshi, bila sauti. Watoto wakasahau kutetemeka, wakatazama midomo wazi. Mama Pimbi mwenyewe, aliyeuona kila jioni, aliweka majani chini akautazama.

"Makaa yote yale!" Fisi akanong'ona. "Na nyama ipo?"

"Mkubwa, jiko lote lile ni la kuchemshia maji?"

"Anakula nani?"

"Anayewahi."

Fisi akatoka, tifu, tifu, tifu! Akapanda. Akapanda tena. Kilele kilikuwa kikubwa na kimya, hata pumzi yake iligeuka theluji. Makaa yalikuwa meupe.

"Hili ni jivu," akasema. "Chini lazima kuna moto."

Akakaa kitako, aote. Ta! Akagandia hapo. Alijinasua, lakini kiuno hakijanyooka mpaka leo.

Huku chini, Mama Pimbi alitandika, akaziba mlango kwa mawe, akawalundika wanawe kama desturi yao: mgongo kwa tumbo, wa pembeni akisikia baridi ahamie katikati. Akagawa mizizi.

"Nani hayupo?"

"Fisi!"

Akawahesabu hata hivyo, pua moja moja. Wote walikuwapo. Wakala.

Funzo: mgeni akija wakati wa baridi, mpe nafasi iliyo bora, hata kama iko mbali.

Hadithi imeingia ndani. Wa mwisho afunge mlango.