Pimbi na Mlango wa Bwana Chewa

Paukwa.

Pakawa.

Mlioko nyuma, mnanisikia?

Tunakusikia kuliko wa mbele.

Niwapeleke wapi leo?

Tupeleke tusikokujua, uturudishe kabla ya chakula.

Basi shikeni mikoba yenu, safari ni ya kutwa.

Hapo kale alikuwako pimbi mmoja, jina lake Sikudhani. Pimbi mnamjua. Ni mnyama wa mawe, mnene kama mkate, hana hata mkia wa kujivunia. Kwao Sikudhani kulikuwa Mlima Kokoto, juu, pakavu, mahali ambapo mvua ikinyesha wazee hulalamika kwamba wamelowa. Kukipambazuka vizuri, kutoka mlimani kilionekana kisiwa kimoja baharini, kidogo, cheupe, kama punje ya mchele iliyodondoka kwenye kanga ya buluu. Wenyewe walikiita Punje. Ndege wa pwani waliokuja kupumzika mlimani walisimulia kwamba chini ya maji ya Punje kuna bustani, na anayeiona hurudi kwao akiwa hana maneno.

Mama yake alisema bahari ni maji ya chumvi tu, mengi kupita kiasi. Sikudhani hakumbishia. Lakini kila asubuhi alikitazama kisiwa, na kila asubuhi moyo wake ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi.

Siku moja akaamua aende na mwili pia. Akasuka mkoba wa ukindu wa kubeba mgongoni. Ndani akatia vipande vitatu vya muhogo wa kuchoma na kibuyu kidogo cha maji. Akatafuta kipande cha kioo, akakizungushia ulimbo pembeni ili kimgande usoni maji yasipenye. Akakata bua la jani la mpapai, lile lenye tundu katikati, apate kupumulia kichwa kikiwa ndani ya maji. Hakuwa na kingine. Akashuka mlima, ta-ta-ta-ta, akafika ufukweni jua likiwa ndiyo kwanza linatoka.

Pale akamkuta kasa mzee, Bi Mize, anajiandaa kuingia baharini. Akamwamkia, akamweleza shida yake, akasema wazi kwamba hana cha kumlipa. Bi Mize akamtazama, akalitazama na lile bua la mpapai. Akasema kuna magamba madogo ya bahari yamemganda mgongoni miaka mingi, yanamwasha na hawezi kuyafikia. Sasa pimbi, kidole kimoja cha mguu wake wa nyuma kina ukucha mrefu wa kujikunia. Basi Sikudhani akapanda juu ya gamba la Bi Mize, na safari nzima ikawa kwaru, kwaru, kwaru, huku Bi Mize akifumba macho kwa raha.

Njiani Bi Mize akampa mawili matatu. Akamfundisha kutemea kioo mate kabla ya kukivaa, la sivyo kitajaa ukungu asione kitu. Akamwambia kwamba siku ile ilikuwa ya bamvua, siku ambayo maji hukimbia mbali sana yakipwa, mwamba ukabaki mkavu na kwenye mabonde yake vikabaki vidimbwi tu. Na maji yakianza kujaa, Sikudhani awe mchangani, kwa sababu Bi Mize hana desturi ya kungoja.

Kisha akapunguza sauti. "Bustani ina mlango mmoja, mjukuu wangu, na mlangoni amelala Bwana Chewa."

Sikudhani akauliza huyo Bwana Chewa ni nani.

"Utamwona. Ukimwona mdomo, usitafute zaidi."

Bi Mize akamshusha kwenye mchanga, akaenda zake kula majani ya bahari. Sikudhani akapita juu ya mwamba, maji yakimfika kifuani, mpaka akafika ukingoni. Kweli, ulikuwepo ufa kwenye ukuta wa matumbawe, na ndani ya ufa palikuwa na kitu alichodhani ni jiwe. Jiwe likafumbua macho, kumbe ni samaki. Kisha likafumbua mdomo, na ule mdomo, wanangu, ungemeza pimbi wanne na mikoba yao bila kutafuna.

"Huu ni mlango wangu," akasema Bwana Chewa. "Toa ulichonacho, au uingie wewe mwenyewe."

Hakuwa akitania. Wiki moja kabla alikuja panya buku kutoka bara, mkoba mtupu, akajaribu kumpita ubavuni. Samaki wadogo, vibua, walioona wanasema hata mkoba haukupatikana.

Sikudhani akatoa kipande cha kwanza cha muhogo, akakitupa. Gubu. Kikaenda.

"Lete kingine."

Akatoa cha pili. Gubu. Kikaenda.

"Lete kingine. Huu ni mlango wangu."

Mkononi kikabaki kimoja, na ndicho chakula chake cha kutwa.  Akaona wazi kwamba baada ya cha tatu angeombwa cha nne, na cha nne ni yeye. Akageuza shingo kutazama alikotoka, akaona kitu. Yale maji yaliyokuwa yakimfika kifuani sasa yalikuwa tumboni. Na nyuma yake, katikati ya mwamba, palikuwa na bonde pana lenye mchanga chini, maji bado yamelijaa.

Sikudhani akamgeukia tena. Akamuuliza Bwana Chewa kama kitu kile alichokila kimempendeza.

Chewa akakiri kwamba tangu azaliwe hajala kitu kitamu kama kile.

"Hicho kinaitwa muhogo," akasema Sikudhani. "Na muhogo, bwana wangu, haudondoki mdomoni. Muhogo huchimbwa."

"Huchimbwa wapi?"

"Ardhini. Penye mchanga laini ndipo unapopenda."

 Akakimbia mpaka kwenye bonde, akachimba kwa ule ukucha wake, akakifukia kipande cha tatu mchangani, kina cha kiganja kimoja tu. Ilimuuma kukifukia, maana njaa ilikwisha kumshika. Kisha akasimama pembeni.

Chewa akatoka mlangoni. Hakuwa ametoka pale miaka mingi, na mwili wake ulipopita juu ya mwamba ulikwaruza, kraaa. Akaingia bondeni, akapiga pua mchangani mara moja, mara mbili. Mara ya tatu, gubu.

"Upo," akasema, sauti imejaa mchanga.

"Si nilikwambia huchimbwa?"

"Una mizizi mirefu?"

"Mirefu sana," akasema Sikudhani, na kuhusu muhogo, kwa jumla, hakusema uongo.

Basi Chewa akachimba. Furu, furu, furu. Maji yakapwa, shaa, naye anachimba. Mwamba ukaanza kuonekana, umelowa, unang'aa, naye anachimba. Bonde likawa kidimbwi kilichozungukwa na mawe makavu pande zote, na Bwana Chewa yumo ndani, mgongo nje, pua chini, anachimba.

Sikudhani akarudi mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Akatemea kioo mate, akakivaa. Akauma bua la mpapai. Akakumbuka kwamba kwao hakuna pimbi aliyewahi kuogelea, tena akalikumbuka hilo wakati miguu imeshaachia jiwe.

Akazamisha uso.

Fuu, haa. Fuu, haa. Ile ilikuwa pumzi yake mwenyewe ndani ya bua, na kwa kitambo hakusikia kingine. Kisha akayafumbua macho sawasawa.

Chini yake kulikuwa na mlima. Mlima kama wa kwao, wenye majabali na mapango na vijia vya kupitia, ila huu ulikuwa umevaa. Palikuwa na matumbawe kama pembe za swala, ya zambarau kwenye ncha. Mengine yalikuwa kama sahani zilizopangwa na mwenye haraka. Samaki wadogo wa manjano walisimama hewani, ndivyo alivyoona yeye, wamesimama hewani, mamia, kisha wote wakageuka kwa pamoja na kuwa wa fedha. Alisikia kra, kra, kra, akatazama, akaona samaki pono wa kijani wanatafuna mawe kama watu wanaokula miwa, wakitema mchanga mweupe nyuma yao. Akaelewa ule ufuo mweupe ulikotoka, ule aliokuwa akiutazama kila asubuhi kutoka mlimani. Akacheka, maji yakaingia kwenye bua, akakohoa, akarudisha uso upesi asipitwe na kitu.

Aliona viti vya pweza vyekundu, vyenye umbo la nyota, vimelala mchangani. Aliona samaki bunju, mviringo kama mpira, anayemtazama kwa mashaka. Hakuna aliyemkimbia. Samaki wa manjano walimzunguka, wakamgusa manyoya, wakaendelea na shughuli zao.

Akafika mahali bustani inapoishia, na pale ardhi ilikatika. Mbele yake hapakuwa na chini. Palikuwa na buluu tu, inashuka, inazidi kushuka, miali ya jua imeingia ndani yake ikapotea. Kutoka huko akapanda samaki bapa aitwaye taa, mpana kuliko pango alimozaliwa Sikudhani, anapiga mabawa polepole. Akapita chini ya tumbo la Sikudhani, hakuharakisha, akateremka tena.

Sikudhani alining'inia pale. Njaa ilikuwa imekwisha, au ilikuwepo lakini haikuwa yake. Alijiona mdogo kama alivyokuwa kweli, na hakuona aibu wala hofu. Alitamani mama yake awe pembeni yake, hata kama angelalamika kwamba wamelowa.

Hakujua amekaa muda gani. Maji baridi yalipomsukuma kifuani ndipo alipozinduka: bahari inarudi. Akapiga miguu kuelekea mlangoni, roho juu, maana kutoka mlangoni hadi mchangani lazima upite kando ya lile bonde. Alipofika, mwamba ulikuwa umekwisha kufunikwa. Bonde lilikuwa limejaa na kufurika. Chewa alikuwa huru kwenda atakako, na pengine tangu kitambo.

Sikudhani akapita kando, pole pole, bila kupumua. Chini, ndani ya wingu la mchanga, kikasimama kichwa kikubwa kilichochubuka pua.

Akajua amekwisha.

"Wewe," akasema Bwana Chewa. "Ulisema mirefu sana?"

"Sana, bwana wangu."

"Nilidhani hivyo," akasema, na kichwa kikarudi chini. Furu, furu, furu.

Bi Mize alikuwa mchangani, keshageuka kuelekea bara. Sikudhani akapanda gamba. Hakukwaruza, na Bi Mize hakumuuliza. Kwao walimkuta amekaa juu ya jiwe lake, manyoya yamekauka chumvi, wakamzunguka wakitaka habari. Akafungua mdomo. Akaufunga. Mwishowe mama yake akamletea maji ya kunywa, akakaa karibu naye, na wote wawili wakakitazama kisiwa mpaka jua likatua.

Mlango wa Punje uko wazi hata leo, na samaki wadogo huingia na kutoka wapendavyo.

Funzo lake? Najua wazazi wenu wataniuliza. Funzo ni hili: msizurure, wanangu. Tulieni mahali pamoja mfanye kazi kwa bidii kama Bwana Chewa, ambaye hakupoteza hata siku moja kutazama samaki.

Ngano yangu imefika nchi kavu, nami nashuka. Mwenye miguu mibichi ajifute, chakula tayari.