Kodi ya Hodi

Sogeeni, nipeni masikio, nami nitawapa zimwi.

Paliondokea mfalme aliyetaka kodi mpya. Chumvi aliishaitoza, akaamua kutoza hodi. Baraza likabishana: nani alipe?

"Alipe anayepiga hodi," akasema waziri.

"La, alipe anayemkaribisha!" akasema kadhi.

Nyinyi mngemtoza nani? Mfalme alimchagua anayepiga hodi.

Sasa, msituni paliishi zimwi lililofungwa kwa uchawi: lazima lifuate desturi ya wenyeji. Kila likija lilipiga hodi, watu wakaijua sauti yake ya kukoroma, wakakomea milango.

Kodi ilipoanza, hodi zikafa. Jirani akaingia kuomba moto, kimya. Mkwe akaingia kimya, akamkuta mama mkwe anaoga. Jamani, aibu gani hiyo! Wa tatu akaingia kwa mfalme, kimya vilevile.

Mfalme akageuka, akaona meno.

"Mbona hukupiga hodi?"

"Hodi siku hizi ghali, bwana," likajibu zimwi, "na mimi nimekuja kula tu."

Likamla, na kilemba chake.

Hadithi yangu imetokea mlango huo. Mkija kwangu, pigeni hodi. Ni bure.