Mwani wa Bi Mwanamkasi

Wahenga hawakumkataza mtu kutamani kitamu. Walimwonya tu asikivamie. Hayo Feisal aliyajua tangu shuleni, lakini kulijua jambo si kulifuata.

Asubuhi hiyo ukungu mwepesi ulitanda Mbegani, bahari na mbingu zikashikana kama kitambaa kimoja. Katika maabara ndogo karibu na ufuko, watafiti wawili, Feisal na Jokha, waliutazama unga mwekundu usiozidi kiganja. Ulikuwa mwani wa Bi Mwanamkasi, mkulima wa pale. Joto la maji lilikuwa limeua mwani wote wa aina ile shambani kwake. Fungu aliloanika mapema ndilo pekee lililosalia.

"Nataka kujua una nini ndani," aliwaambia alipowakabidhi. "Kama upo mwingine wa kufanana nao, tuutafute."

Ndani ya mwani mna sukari nyingi zilizoshikana katika minyororo mirefu. Ili minyororo hiyo isomwe, sharti ikatwe vipande vifupi kwa asidi, lakini isisagike yote. Waligawana unga nusu kwa nusu.

Feisal alikuwa na mkutano Dar es Salaam kesho yake, na alitaka kwenda na majibu. Akamimina asidi kali, akawasha moto mkubwa.

"Kaka Feisal, punguza moto," alisema Jokha.

"Wacha woga. Mchana tutakuwa na majibu."

Haukupita muda, chupa ikatoa harufu ya sukari iliyoungua. Maji yakawa meusi kama kahawa. Minyororo ilikuwa imesambaratika, hapakuwa na cha kusoma. Feisal akaukodolea macho unga wa Jokha.

"Nipe huo, dada. Safari hii sikosei."

Jokha alimheshimu. Feisal ndiye aliyemfundisha kazi. Hata hivyo, akaufunika unga wake.

"Nisamehe, kaka. Huu ukienda, hatuna tena."

Feisal akatoka amefura kwa hasira. Ufukweni alimkuta Bi Mwanamkasi akikung'uta kamba zake tupu za kupandia mwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuna heri?"

"Nimeuunguza mwani wako."

"Wote?"

"Nusu."

Bi Mwanamkasi hakumgombeza. Machozi yalimlengalenga, na hayo yakamchoma Feisal kuliko matusi. Mama akazikunja kamba, akasema, "Basi rudi ukaulinde uliobaki."

Feisal alimkuta Jokha ameutia unga wake asidi hafifu na kuuweka juu ya moto mdogo. Akavuta kiti, akaketi kando yake. Maabara ilitulia kama ndoto. Mvuke ulipanda polepole kama uzi wa ubani. Walichota tone baada ya tone, wakaizima asidi kwa magadi, wakapima, wakangoja tena, usiku kucha. Simu ya kumwita mkutanoni ilipolia asubuhi yake, Feisal aliizima.

Adhuhuri, madoa yakajitokeza kwenye bamba la kupimia: vipande vya sukari mbili, vya nne, vya sita, vimejipanga kama shanga. Jokha akashika mdomo. Feisal akakimbia kumwita Bi Mwanamkasi.

"Ndio wenyewe huu?" aliuliza mama yule, akiinama.

"Ndio, mama. Tukikuta mpangilio huu kwa mwani mwingine, tutajua ni ndugu yake."

Uso wa Bi Mwanamkasi ukakunjuka. "Basi tuanzie mwambao wa Saadani."

"Tutakwenda," Feisal akamjibu, "na safari hii nitafuata mwendo wa Jokha." Kwani sasa alikwishayaona kwa macho yake: mwenye pupa hadiriki kula tamu.